Nilipotafuta Tepe za Nakshi Mwanza Nzima

Wiki tatu zilizopita mlinipa chupa ya chai, kitenge na hotuba ndefu, mkaniambia nikapumzike. Nimejaribu. Siku ya nne nilikuwa nimeshahesabu mabati yote ya paa langu na kugombana na kuku wa jirani, nikaona heri nishike kalamu. Neema, aliyerithi kiti changu cha ununuzi, aliniuliza siku ile ya kuagana: "Mama Kulwa, muuzaji mzuri wa nakshi unampataje?" Nilimjibu kwa kucheka, kwa sababu wageni walikuwa wengi na jibu lilikuwa refu. Jibu lenyewe ndilo hili. Halichekeshi sana.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara ulikuwa siri kati yangu na mwenye duka la mtaani kwetu.

Niliingia kiwanda chetu cha samani kama karani wa stoo, enzi hizo kiwanda kikiwa bado shirika la umma, hapohapo jirani na Mirongo mlipo leo. Nilitoka Magu na viatu vya kuazima na cheti cha kidato cha nne. Mbao zote kwangu zilikuwa mbao. Siku ya kwanza fundi mmoja aliomba mninga nikampa mvule, mwingine akaomba patasi nikampa msumeno. Kufika saa nne karakana nzima ilikuwa inakuja dirishani kwangu kuomba vitu ambavyo haikuvihitaji, ili tu waone nitatoa nini. Aliyewafukuza alikuwa mzee mmoja mwembamba, amevaa aproni iliyokakamaa kwa gundi. Akaweka vijiti viwili juu ya kaunta yangu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Weka ulimi hapa."

"Niweke ulimi kwenye mbao?"

"Ndiyo, binti. Mpingo hauna ladha. Ukikuta una ladha, ujue umeuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu."

Nililamba. Kimoja hakikuwa na ladha, na kingine kilinikaa ulimini mpaka saa ya chai. Hivyo ndivyo nilivyomjua Mzee Feruzi, na hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ununuzi, kazi ambayo wengine wanaisomea chuo.

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa Butimba. Baba yake alikuja Mwanza na reli kutoka Tabora, naye alipokuwa kijana alijifunza nakshi za kupachika kwa fundi mmoja wa Kihindi mjini. Pale kiwandani alitengeneza kitu kimoja tu: tepe. Kwa mgeni wa kazi hii, tepe ni ukanda mwembamba, upana wake kama kidole, uliounganishwa kwa vijipande vya mbao za rangi mbalimbali. Mweusi ni mpingo, mwekundu ni mninga, na ule unaokaribia weupe ni mchungwa. Unachimba mfereji kwenye uso wa meza, unaupachika ukanda humo kwa gundi, kisha unasugua kwa msasa mpaka kidole kisijue mti mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Kijipande cha mchungwa kilichokatwa umbo la jani alikitia kivuli kwa kuingiza ukingo wake kwenye mchanga wa ziwani uliopashwa moto ndani ya karai. Sekunde tatu, hudhurungi. Sekunde nne, umeharibu. Hakuwa na saa. Na ili vijipande visitawanyike, alibandika uso wa tepe juu ya karatasi kwa gundi hafifu. Tepe ikishakaa ndani ya meza, unalowanisha karatasi kwa kitambaa, unaikwangua, na nakshi inatokeza. Kumbukeni hiyo karatasi.

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula, na maungio yote ya tepe zake yalilala upande tofauti na ya fundi mwingine yeyote niliyemwona. Miaka tisa nilipokea tepe zake mikononi mwangu. Ningeweza kuzitambua gizani, au ndivyo nilivyojisifu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio, marashi na viatu vya nchi ambazo hatukuwahi kuzisoma kwenye jiografia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tulikipenda chote. Shirika letu likauzwa. Tukaletewa meneja mpya kutoka Dar, kijana msafi, mpole, anayesema "tafadhali" mpaka unajisikia una deni. Ofisi ya zamani ikawa inafagiliwa mwezi mzima, na majalada na makaratasi yake yakitupwa kwa magunia. Wiki ya pili akanipa fomu.

Fomu ilisema: orodhesha vitu ambavyo kiwanda kinajitengenezea lakini vinaweza kununuliwa kwa wauzaji wengine. Chini yake palikuwa na mistari mitano. Niliandika vishikio vya droo, miguu ya kukereza, mito ya sofa, na masanduku ya kufungashia. Ikabaki nafasi moja. Sasa mimi nimesomeshwa na masista, na kwa masista mstari mtupu ni uvivu, na uvivu ni fimbo. Nilikaa naangalia ule mstari wa tano kama mtu anayedaiwa. Nikakumbuka kwamba kwenye leja za zamani kabisa kulikuwa na tepe zilizonunuliwa duka fulani la mjini. Nikaandika: tepe za nakshi. Nikapiga mstari chini, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai.

Siku kumi baadaye orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kila aliyekuwa akitengeneza kimoja kati ya vitu vile vitano amepunguzwa kazini. Nilisoma jina la Feruzi mara tatu. Nilisikia watu wananisemesha lakini sikuelewa wanasema nini. Wenzangu walidhani nasikitika kama wao. Hakuna aliyejua kuhusu fomu, na mimi sikusema.

Mzee alikuja dirishani kurudisha aproni, maana ilikuwa mali ya kampuni. Aliikunja vizuri. "Kazi njema, binti," akasema. Nikaipokea, nikaandika kwenye leja kwamba nimeipokea.

Miezi kadhaa ikapita, tukapata kazi kubwa kuliko zote: samani za hoteli mpya iliyokuwa inajengwa ufukweni na tajiri mmoja wa samaki. Meza ndefu ya chumba cha chakula, viti ishirini na nne, makabati, vyote kwa mninga na vyote vitiwe nakshi. Meneja akaniita. "Mama Kulwa, tafadhali, tafuta muuzaji wa tepe. Wewe mwenyewe uliandika kwamba zinapatikana."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukauma. Duka lile la kwenye leja lilikuwa sasa linauza vipuri vya baiskeli, na mwenyewe, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, aliniambia kwa upole kwamba aliyekuwa akimtengenezea alikufa nikiwa bado sijazaliwa. Mfanyabiashara mmoja wa barabara ya Musoma aliniuzia mzigo uliotoka Nairobi, mzuri wa kupendeza. Nililowanisha kidole nikasugua, nikabaki na maua yote kwenye kidole. Ilikuwa karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Nilimrudishia, akashangaa kwa nini nasugua mapambo.

Nikapanda kivuko kwenda Sengerema, kwa sababu mtu aliniapia kwamba kuna fundi wa nakshi kule. Nilimkuta kwenye banda lake.

"Mwangaluka mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama.

Nilimweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea pembeni nione kazi yake. Yalikuwa majeneza, sita, na kwenye mfuniko wa kila moja msalaba wa mbao nyeupe umepachikwa vizuri sana.

"Naweza msalaba tu, mayu," akasema. "Hiyo hoteli yenu itakubali msalaba?"

Nilirudi na kivuko cha jioni sina hata hamu ya kununua machungwa. Kila nilipofumba macho nilikuwa naona ule mstari wa tano.

Aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani, alikuwa Deo. Huyu alikuwa kijana wa Mirongo mwenye duka la mali ya nje: saa, vioo, suti za mitumba zilizopigwa pasi mpaka zikasahau zilikotoka. Siku niliyopita pale kuulizia bawaba aliniambia nisubiri, akatoa chini ya meza kifurushi kilichozungushiwa gazeti lenye herufi za kigeni.

"Italia," akasema kwa sauti ya chini.

Nilifungua. Jamani. Mpingo, mninga na kitu cheupe, majani yenye kivuli laini ukingoni, yakifuatana bila kosa. Upande wa uso ulikuwa umefunikwa karatasi ya kaki, lakini kwa pembeni na kwa nyuma niliona vya kutosha. Nililamba mpingo. Hauna ladha. Deo alinitazama kama mtu aliyeona kichaa, ila hakunizuia. Nikafikiri moyoni, na haya nayaandika ili mnione nilivyo: nikafikiri, Mzee Feruzi alijitahidi, lakini kumbe wenzetu wamemzidi mbali.

Tukanunua. Meneja alifurahi mpaka akasahau kusema tafadhali. Deo alileta mzigo wa pili na wa tatu. Masanja, fundi wetu mkuu, alichimba mifereji kwenye ile meza ndefu, akapachika, akabana, akaacha zikauke siku mbili. Asubuhi ya tatu akaniita nije kushuhudia nakshi inavyotokeza. Alilowanisha karatasi ya kaki kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ikatoka kwa urahisi. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, nyembamba, yenye maandishi.

"Waitaliano nao wanaandika Kiswahili," alisema Masanja.

Niliinama. Ilikuwa fomu ya stoo. Fomu yetu. *Gundi ya kuchemsha, kilo mbili. Msasa namba sifuri, karatasi kumi.* Na chini yake, mwandiko uliolala kidogo, wenye herufi "g" iliyopindwa mkia kama walivyonifundisha masista. Sahihi yangu.

Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Masanja alikwangua ile karatasi, na nakshi ikatokeza yote, na maungio yote yalikuwa yamelala kushoto. Yalikuwa yamelala kushoto tangu kwa Deo. Nilikuwa nimeyashika mikononi, nimeyalamba, nimeyalipia, na sikuyaona, kwa sababu yalikuwa yamefungwa kwenye gazeti la kigeni.

Nilimwomba Masanja asiseme neno. Yeye alikuwa ameelewa kabla yangu, alikuwa analia.

Nilikwenda kwa Deo na ile karatasi mbichi mkononi. Sikuhitaji kumuuliza.

"Mama Kulwa," akasema, "ningekwambia ni za Butimba, ungezitazama mara mbili? Sema kweli."

Nilikwenda Butimba.

Nilimkuta uani, chini ya kibanda cha bati, karai la mchanga likiwa motoni. Nyuma yake palikuwa na gunia la karatasi za ofisi yetu ya zamani, zile zilizotupwa. Mkewe alinikaribisha kigoda. Mzee hakusimama, maana kijipande kilikuwa mchangani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akakitoa, akakipuliza, akakitazama. "Mzigo wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

"Nilidhani utaijua kazi kabla ya kuujua mwandiko."

Hakuna maneno yaliyowahi kuniuma kama hayo, hata ya mama yangu mzazi, naye alikuwa na ulimi. Nikaamua kuyatoa yote. Nikamwambia kuhusu fomu, ile mistari mitano, na jinsi nilivyoona aibu kuacha mmoja mtupu. Nilisema huku nimeinamia magoti yangu. Nilipomaliza, aliingiza mkono kwenye gunia, juujuu tu, bila kutafuta, akatoa nakala ya ile fomu. Kaboni yake ilikuwa imefifia, ila inasomeka.

"Umeijua lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza baada ya kuachishwa. Nilichukua karatasi za kubandikia, nikaikuta."

"Na hukuja kunitukana?"

"Nikutukane nini? Uliandika kweli. Ziko za kununua. Si umenunua?"

Mkewe aliingia ndani. Nadhani hakutaka kuuona uso wangu. Mzee aliendelea na kazi, na huku anafanya akanieleza. Alipomaliza tepe zake za kwanza pale nyumbani alizileta kiwandani kwetu, kwa miguu yake. Mlinzi akazipeleka kwa meneja. Zikarudi hazijafunguliwa, na ujumbe kwamba kampuni hainunui vitu vya uchochoroni. Ndipo alipozipeleka kwa Deo, naye akamwambia wazifunge kwenye gazeti la kigeni.

"Nitakwenda kumwambia meneja leo hii," nikasema. "Ataona haya. Atakurudisha."

"Hutakwenda."

"Baba, ni kazi yako! Ni jina lako!"

"Jina langu nimelipeleka getini likarudishwa. Nyumba hii ina wajukuu wanne, wanakula kwa jina la Italia. Usiniharibie Italia yangu, binti."

Nikaapa kwamba sitasema. Niliapa kwa sababu nilikuwa nimeshamwondolea mkate mara moja kwa kalamu, sikutaka kumwondolea mara ya pili kwa mdomo. Lakini nilirudi mjini nikiwa na hasira ambayo sijui hata leo nilimkasirikia nani. Orodha ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa juu yake.

Kazi ya hoteli ikakamilika. Siku ya ufunguzi kila mfanyakazi wa siku nyingi wa kiwanda alipewa kadi ya watu wawili. Mume wangu hapendi sherehe zenye hotuba, nikamwomba Mzee Feruzi tufuatane, aione meza yake ikiwa imesimama. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja, amevaa kanzu nyeupe, koti na kofia safi. Njia nzima aliniuliza Masanja alitumia msasa namba ngapi mwishoni.

Mninga ulikuwa unang'aa, na ile nakshi ilizunguka meza yote, mita kwa mita, majani na vivuli vyake. Watu walisogea kuitazama wakiwa wameshika glasi za soda. Mzee alisimama kitambo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka kiganja kizima juu ya tepe, akaupitisha taratibu kuelekea kwenye kona, pale pagumu, kuona kama maungio yamekaa.

Mwenye hoteli alikuwa karibu, na meneja wetu pembeni yake. Tajiri huyo alikuwa mtu mchangamfu, hakuwa mtu mbaya.

"Mzee wangu, samahani, usishike," akasema. "Jasho la mkono linaiharibu. Hii imetoka Italia."

Mzee akauondoa mkono upesi, kama aliyegusa karai.

Sijui nini kilinishika. Kiapo nilikikumbuka, wajukuu niliwakumbuka. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Huyu ndiye aliyeitengeneza," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Mzee huyu. Nyumbani kwake, Butimba."

Meneja alinitazama mimi, akamtazama Mzee, akaitazama ile kofia na lile koti lililochakaa kwenye viwiko. Nilimwona anafikiri. Nilimwona, naapa, anakaribia kabisa kuamini. Kisha mwenye hoteli akaangua kicheko, kicheko cha furaha ya kweli, akanipiga begani.

"Mama, una utani wewe! Wasukuma bwana!"

Meneja naye akacheka, kwa nafuu. Waliokuwa karibu wakacheka. Nikamgeukia Mzee Feruzi ili aseme neno moja tu. Neno moja, na ningelitetea mpaka kesho.

Alikuwa anacheka pamoja nao.

"Binti yangu huyu ana utani tangu zamani," akawaambia. "Mimi nilikuwa seremala wa milango tu. Hii? Hii hatuiwezi. Wenzetu wana mikono."

Akatoa leso mfukoni, akainama, akaanza kufuta pale alipokuwa ameshika.